Mfumo Umekataa

Katika ofisi zetu za umma kuna sentensi moja fupi ambayo miaka ya karibuni imechukua nafasi ya sentensi nyingine nyingi: "Mfumo umekataa." Huambiwa mtu aliyekwenda kuomba kitambulisho, mstaafu anayefuatilia mafao yake, mwanafunzi anayetafuta ufadhili, na mama aliyefika kusahihisha herufi moja katika jina la mwanawe. Zamani karani alisema "haiwezekani", au kwa uchache "mkubwa hayupo, njoo kesho", na mwananchi akajua amekataliwa na nani na amsubiri nani. Siku hizi mtenda ametoweka katika sentensi. Kiima ni mfumo, na mfumo hauna jina wala cheo, na hauna mlango ambao mtu anaweza kwenda kuubisha.

Makala haya yanahusu sentensi hiyo, ila nitaifikia kwa njia ya pembeni. Nitapitia lugha ya kompyuta yenye umri wa zaidi ya miaka hamsini ambayo kwa muda sasa nimekuwa nikiitumia kufundishia mantiki kwa wanafunzi wa sheria na utawala wa umma. Mimi si mhandisi wa kompyuta, na sikusudii kumgeuza msomaji kuwa mhandisi. Ninaandika kama mwalimu aliyeona kwamba chombo hiki hutamka waziwazi jambo ambalo ofisi zetu hulitenda kila siku bila kulitamka.

Lugha yenyewe inaitwa Prolog. Ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, kwa kushirikiana kimawazo na Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuandika programu kwa mantiki. Waasisi hao hawakuwa wakitafuta lugha ya kukokotolea hesabu. Walitaka mashine ipewe maelezo kwa Kifaransa cha kawaida, iulizwe maswali, nayo ijibu kwa kufikiri kutokana na yale iliyoelezwa. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi mkubwa wa kitaifa wa kompyuta za "kizazi cha tano" uliojengwa juu ya fikra hiyo ya mantiki, na kwa miaka michache wengi waliamini kwamba mustakabali umeshapatikana. Mradi ulimalizika bila kuiteka dunia, na mitindo ikahamia kwingine. Lakini Prolog haikufa. Toleo ninalolitumia, SWI-Prolog, lilianzishwa na Jan Wielemaker katika Chuo Kikuu cha Amsterdam mwaka 1987. Hutolewa bure, na hukubali kukaa hata katika kompyuta mpakato chakavu zilizokwisha kupita mikono mitatu kabla ya kumfikia mwanafunzi wangu.

Katika lugha nyingi za kompyuta mtu huiamuru mashine: fanya hili, kisha fanya lile. Katika Prolog mtu huieleza mashine mambo yalivyo, kisha huiuliza. Maelezo ni ya aina mbili. Kuna kauli, yaani mambo tunayoyakubali kuwa ya kweli, na kuna kanuni, yaani namna jambo moja linavyofuata kutoka katika mengine. Huu hapa mfano ninaoanzia nao darasani:

mama(asha, juma).
kaka(salimu, asha).
mjomba(X, Y) :- mama(M, Y), kaka(X, M).

Mstari wa kwanza wasema Asha ni mama wa Juma. Wa pili wasema Salimu ni kaka wa Asha. Wa tatu ni kanuni: X ni mjomba wa Y ikiwa M ni mama wa Y, na X ni kaka wa M. Ile alama ya nukta mbili na kistari husomwa "ikiwa", na mkato husomwa "na". Baada ya hapo mwanafunzi huuliza: mjomba(Nani, juma). Mashine hujibu: Nani = salimu. Akiligeuza swali na kuuliza mjomba(salimu, Nani), kanuni ileile, bila kubadilishwa hata nukta, hujibu: Nani = juma.

Msomaji ataona kwamba mistari hiyo ni Kiswahili kitupu. Sikuifasiri ili kumpendeza. Prolog ina maneno machache sana iliyojitengea yenyewe. Karibu majina yote ya mambo na ya mahusiano huchaguliwa na mwandishi. Mashine haijui maana ya neno "mjomba" wala haijali, inachofuata ni umbo la hoja. Kuna hata amri inayomruhusu mwandishi kutunga viunganishi vyake mwenyewe, akaweza kuandika "asha ni_mama_wa juma" na mashine ikaelewa. Kwa mwanafunzi aliyefundishwa tangu kidato cha kwanza kwamba kufikiri kwa ukali wa mantiki ni jambo la Kiingereza, dakika kumi za kazi hii hufanya ambalo mihadhara yangu miwili haifanyi. Huona kwamba ukoo wake, wenye mashangazi, wajomba na mabinamu, ni mfumo wa kanuni uliokuwa sahihi kabla kompyuta haijafika kijijini kwao.

Kosa la kwanza la wanafunzi karibu wote ni la herufi kubwa. Wamelelewa kuandika majina ya watu kwa herufi kubwa, basi huandika mama(Asha, juma). Katika Prolog neno lenye herufi kubwa mwanzoni si jina la mtu, ni kigeu, yaani nafasi tupu inayoweza kujazwa na yeyote. Mstari huo wasema kila kitu ulimwenguni ni mama wa Juma. SWI-Prolog hulikamata kosa hilo papo hapo. Hutoa onyo kwamba kuna kigeu kilichotajwa mara moja tu katika kauli, na kwamba huenda mwandishi hakukusudia hivyo. Ni onyo dogo, la mstari mmoja, lakini ninalipenda kwa adabu yake. Mashine imeona kwamba kauli yako ni pana kuliko unavyodhani, ikakushika mkono kabla hujaitia saini. Natamani waraka kila mmoja wa serikali ungepitishwa kwa msomaji wa namna hiyo.

Chombo kinachofaa zaidi kwa somo letu la leo ni kile cha kufuatilia hatua za hoja. Mwaka 1980 Lawrence Byrd wa Edinburgh alipendekeza kwamba kila swali linaloulizwa ndani ya Prolog lifikiriwe kama chumba chenye milango minne. Swali huingia kwa mlango wa kuitwa. Likithibitika hutoka kwa mlango wa kufaulu. Ikihitajika jibu jingine, hurudishwa ndani kwa mlango wa kurudiwa. Likikosa njia zote hutoka kwa mlango wa kushindwa. Mtu akiwasha ufuatiliaji huo, mashine humwonyesha kila chumba swali lilipopita, liliingia likiwa limebeba nini, na lilitokea mlango upi. Katika SWI-Prolog unaweza hata kufungua dirisha la picha ukatazama hoja ikitembea hatua kwa hatua, huku mstari wa kanuni inayotumika ukiwa umepakwa rangi.

Sasa tazama ofisi yoyote ya umma kwa macho hayo. Ombi huingia mapokezi, hupelekwa kwa afisa wa wilaya, hurudi likiwa na muhuri, huenda makao makuu, hukwama. Mwananchi huambiwa neno moja la mwisho. Haambiwi ombi lilishindwa katika chumba kipi, kwa kanuni ipi, na kwa kukosekana kwa kauli gani. Wakati Prolog, lugha ya watu wachache wanaocheza na mantiki, ilipata kifuatiliaji chake ikiwa bado haijatimiza miaka kumi.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo kiini cha makala. Ukiiuliza Prolog kama Salimu ni mjomba wa Halima, nayo haikuambiwa lolote juu ya Halima, hujibu: si kweli. Haisemi "sijui". Yasema si kweli. Mwanafunzi makini huinua mkono hapo. "Mwalimu, imejuaje? Huenda Halima ni mdogo wake Juma, ila hatukuandika." Yuko sahihi. Mashine haikujua. Ilitafuta ithibati katika yale iliyopewa, haikuiona, ikatangaza kukanusha. Wanamantiki waliliandikia jambo hili mwaka 1978: Keith Clark alieleza ukanushaji unaotokana na kushindwa kuthibitisha, na Raymond Reiter akaeleza dhana ya ulimwengu uliofungwa, ambamo kila kisichoandikwa daftarini huhesabiwa kuwa hakipo.

Dhana hiyo si ujinga, wala si hila. Ratiba ya treni hufanya kazi hivyo. Kama saa tisa za usiku hakuna treni iliyoandikwa, ni halali kusema hakuna treni, maana mwenye ratiba ndiye mwenye treni, na ameandika zote. Sharti ni hilo: daftari liwe kamili, na mwenye daftari awe ndiye anayeujua ukweli wote wa jambo hilo. Sharti likivunjika, neno "hapana" hugeuka kuwa jambo jingine kabisa. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Giza huficha mti, haliukati. Anayetembea usiku akasema hapa hapana mti kwa kuwa hauoni, ataujua kwa paji la uso.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Mwaka 1986 kundi la watafiti wa Imperial College, London, akiwemo Marek Sergot na Robert Kowalski yuleyule, walichapisha makala maarufu waliyoonyesha ndani yake Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981 ikiwa imeandikwa kama programu ya mantiki. Vifungu viligeuka kanuni. Mtu aliyezaliwa Uingereza baada ya sheria kuanza kutumika ni raia ikiwa, wakati wa kuzaliwa kwake, baba au mama yake alikuwa raia au mkazi halali wa kudumu. Kanuni kama hiyo huingia katika Prolog kwa urahisi wa kushangaza. Ugumu ulikuwa kwingine, katika kifungu cha mtoto mchanga aliyeokotwa akiwa ametelekezwa. Sheria yasema huyo atahesabiwa kuwa amezaliwa nchini na mzazi mwenye sifa, isipokuwa kinyume chake kikithibitishwa.

Soma tena maneno hayo ya mwisho. Ni ukanushaji uleule wa kushindwa kuthibitisha. Hakuna aliyethibitisha kwamba wazazi ni wageni, basi mtoto ni raia. Kesho mzazi akijulikana, hitimisho linaweza kubadilika, lakini leo mtoto hatalala nje ya taifa kwa sababu daftari ni tupu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 14, ina kifungu cha namna hiyo: mtoto aliyekutwa Kenya, anayeonekana kuwa na umri wa chini ya miaka minane, ambaye uraia wake na wazazi wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Chombo kile cha kimantiki kinachomkatalia mstaafu mafao yake ndicho hapa kinachomwokoa mtoto. Tofauti iko katika swali moja ambalo mashine haiwezi kulijibu kwa niaba yetu: daftari likinyamaza, ukimya huo uhesabiwe upande wa nani?

Nitoe mfano wa karibu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alikosa ufadhili wa masomo kutoka katika mfuko mmoja ambao sitautaja. Mwongozo wa mfuko ulisema, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba yatima watapewa kipaumbele. Binti huyu alifiwa na baba akiwa darasa la tatu. Baba alifia nyumbani, akazikwa kijijini siku ya pili, na hakuna mtu katika ukoo aliyefikiri kwenda makao makuu ya wilaya kuomba cheti cha kifo. Cheti kingewafaa nini? Kaburi lilikuwa palepale, nyuma ya nyumba. Alipokwenda ofisini akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji na kiapo cha mahakamani, mama aliyempokea hakuwa mkali hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeziona karatasi zako, na pole sana kwa baba. Ila mfumo umekataa. Unataka namba ya cheti."

"Na kiapo je, mama?"

"Hakuna mahali pa kukiweka, mwanangu."

Nilimwomba ruhusa tulitumie suala lake katika semina, bila jina, naye akakubali. Wanafunzi waliusoma mwongozo na fomu ya maombi, wakaandika kile walichoamini kuwa ndicho mfumo ulikuwa ukifanya. Baada ya ubishi wa saa moja na nusu ilibaki mistari miwili:

yatima(M) :- baba(B, M), amefariki(B).
amefariki(B) :- cheti_cha_kifo(B, _).

Kile kistari cha chini kinashika nafasi ya jambo lolote, hapa namba ya cheti. Tukaweka kauli za binti huyo, tukawasha ufuatiliaji, tukauliza kama ni yatima. Chumba cha yatima kikaitwa. Chumba cha baba kikaitwa, kikafaulu: baba yake anajulikana. Chumba cha amefariki kikaitwa. Chumba cha cheti kikaitwa, kikashindwa. Amefariki kikashindwa. Hakukuwa na baba wa pili wa kujaribiwa, na yatima kikashindwa. Darasa lilinyamaza. Kwa mujibu wa mistari ile, mtu aliyelala kaburini kwa zaidi ya miaka kumi hakuwa amekufa.

Mwanafunzi mmoja wa sheria, kijana mkimya wa nyuma ya darasa, akauliza swali lililostahili semina nzima: mstari wa pili umeandikwa na nani? Mstari wa kwanza upo katika mwongozo. Una tarehe na saini, na bodi iliujadili. Mstari wa pili haupo popote. Hakuna kikao kilichoamua kwamba kufa ni kuwa na cheti. Uliingia siku mtaalamu fulani alipokuwa akichora fomu, akahitaji kisanduku, akaona cheti kina namba na namba hukaa vizuri kisandukuni. Hakuwa na nia mbaya. Lakini siku ile alitunga sheria, na sheria yake ikawa na nguvu kuliko ile ya bodi, kwa kuwa ya bodi husomwa na watu na ya kwake hutekelezwa na mashine.

Tiba, kwa upande wa mantiki, ilikuwa mstari mmoja wa ziada:

amefariki(B) :- kiapo_cha_mahakama(B, _).

Prolog ikishindwa katika kanuni ya kwanza hurudi nyuma ikajaribu ya pili. Kurudi nyuma ni tabia yake ya asili, na ili kuizuia mwandishi lazima aweke makusudi alama ya mshangao, ambayo huiambia mashine: ukifika hapa, usigeuke tena. Walimu wote wa Prolog huwaonya wanafunzi wasiitumie alama hiyo ovyo, kwa sababu hufunga njia ambazo pengine zingefikisha kwenye ukweli. Fomu yetu ilikuwa imefunga njia bila mtu yeyote kuiandika alama hiyo. Njia ya kiapo haikukatazwa, haikuwahi kujengwa tu.

Darasa liliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mfuko, ikiwa na mistari ile na maelezo yake kwa lugha ya kawaida. Jibu lilikuja muhula wa pili, la heshima, likisema kwamba kiapo kimepokelewa. Kiapo kilekile. Muhula wa kwanza wenzake walimchangia ada na chakula, na katika mchango huo hapakuwa na kisanduku cha namba.

Najua watumishi wa umma wanaosoma hapa watasema nini, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema kwamba bila ukali huo nchi huliwa. Tunakumbuka uhakiki wa mwaka 2017, ulipobaini watumishi zaidi ya 9,000 waliodaiwa kutumia vyeti vya kughushi. Watasema viapo hununuliwa, na barua za mtendaji huandikwa kwa soda moja. Sikatai. Mwenye kulinda mfuko wa umma lazima adai ithibati, na sheria ya ithibati lazima iwe na makali. Ninachodai ni kwamba makali hayo yaandikwe mahali ambapo yanaweza kusomwa, kupingwa na kurekebishwa. Mtumishi anayesema "tumeamua kutokubali viapo kwa sababu vingi ni vya uongo" ametoa hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Anayesema "mfumo umekataa" hajatoa hoja yoyote, na wala hajui kama ipo.

Tena kuna mahali ambapo ukimya wa daftari haufai hata kidogo kumwangukia mwananchi. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua shauri la mtu aliyezaliwa Tanzania akaishi kama Mtanzania, mwenye pasipoti ya Tanzania, kisha pasipoti hiyo ikachukuliwa, uraia wake ukakanushwa, akafukuzwa nchini. Nchi jirani nayo haikumtambua, akabaki mpakani, katikati ya mataifa mawili. Serikali ilisema hakuthibitisha uraia wake. Mahakama ilisema kwamba mtu aliyekuwa akihesabiwa raia, anayeshikilia kuwa ni raia, haondolewi uraia kwa kudaiwa athibitishe. Dola ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia. Kwa lugha ya semina yetu, Mahakama ilikataza dola kufunga ulimwengu dhidi ya mtu wake.

Huenda mwingine akauliza kwa nini nahangaika na lugha kuukuu wakati dunia imehamia kwenye akili mnemba inayojifunza yenyewe kutokana na takwimu. Nahangaika nayo kwa sababu hiyohiyo. Uholanzi, nchi ilikotoka SWI-Prolog, serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021 baada ya maelfu ya wazazi kutuhumiwa kimakosa kuwa walijipatia ruzuku ya malezi ya watoto kwa udanganyifu. Mamlaka ya kodi ilikuwa ikitumia mfumo uliowapanga waombaji kwa kiwango cha hatari, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa kigezo kimojawapo. Mfumo wa namna hiyo huwezi kuuwashia ufuatiliaji wa milango minne ukaona ombi lilipoangukia. Kanuni mbaya iliyoandikwa inaweza kunyooshewa kidole. Ile isiyoandikwa popote humtesa mtu hata asijue anyooshe wapi.

Wala sisemi sheria zote ziandikwe kwa Prolog. Sheria ileile ya Uingereza inamtaka anayeomba uraia awe na mwenendo mwema, na hakuna mstari wa mantiki unaoweza kuamua mwenendo mwema ni upi. Maneno kama "sababu ya msingi" na "muda unaofaa" yaliwekwa katika sheria zetu makusudi, ili binadamu awaze. Faida ya kujaribu kuyaandika ni kwamba hujitenga yenyewe. Baada ya siku mbili za kazi unajua wazi ni vifungu vipi ni vya mashine na ni vipi vinahitaji mtu mwenye dhamira na jina.

Prolog yenyewe imepiga hatua katika jambo hili. Ukiuliza juu ya uhusiano ambao haukuwahi kutajwa kabisa katika programu, SWI-Prolog haijibu "si kweli". Husimama na kutoa taarifa ya hitilafu kwamba jambo hilo halijulikani kwake. Inatofautisha kati ya "nimetafuta sikuona" na "hili sijapata kulisikia". Na siku hizi ina maktaba iitwayo s(CASP), ambayo huitenga kauli isiyothibitika na kauli iliyothibitika kuwa si kweli, na pamoja na jibu hutoa mti wa sababu unaoweza kusomwa kwa sentensi za kawaida: amekataliwa kwa kuwa hili halikuthibitika, nalo halikuthibitika kwa kuwa lile halikuonekana.

Kwa hiyo kwa ndugu zangu mnaosanifu mifumo ya umma na mnaoiagiza kwa fedha zetu, ombi langu ni dogo, na halihitaji teknolojia mpya. Chapisheni kanuni kamili zinazotekelezwa na mashine, pamoja na zile za visanduku, si mwongozo mtupu. Kila jibu la kukataa libebe namba ya kanuni iliyoshindwa na kauli iliyokosekana. Na fomu ziwe na jibu la tatu, "haijathibitika bado", lenye njia ya kuendelea na jina la mtu wa kuonana naye.

Kwa wanafunzi: pakueni chombo hiki, ni bure, kisha chukueni katiba ya jumuiya yenu ya wanafunzi mwiandike kanuni kwa kanuni, kwa Kiswahili. Ulizeni nani ana haki ya kugombea, nani anaweza kumwondoa rais, na mkutano usipotimiza akidi nini hufuata. Washeni ufuatiliaji. Mtakuta mahali ambapo katiba yenu husema ndiyo kwa kila mtu kwa sababu ya neno moja lililoachwa wazi, na mahali ambapo husema hapana bila aliyeitunga kukusudia. Mkisharekebisha hiyo, sheria za nchi zinawangoja.